Alisema Wamekula, Nami Nikaandika

Mama Kiden amekufa. Amefia ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, karibu na Yei, kwenye shamba lake la mihogo, na wamekwisha kumzika. Shangazi yako amenipigia simu kutoka Kuluba leo saa nne asubuhi, nikiwa nashona pindo la gauni lako la safari. Na kabla hujalia, sikia na la pili: aliyemfanya arudi huko ni mimi. Umesikia watu wakisema ni njaa, wengine wakisema ni kompyuta. Ni mimi, mama yako.

Sasa nikusalimu. Hujambo, Ayikoru, mwanangu wa kwanza na wa mwisho. Umeenda Logiri kumuaga bibi yako, na sikukupigia simu kwa sababu nilitaka umuage ukiwa na uso mkavu. Utarudi jua likianza kupoa, nami nitakuwa nimemaliza kuandika. Nimeifunika cherehani, nimekaa kwenye kiti cha wateja, na wateja wawili nimewarudisha. Mama Zaitun wa kibanda cha pili ameuliza kama naumwa. Nimemwambia naandika vipimo vya gauni la bibi harusi, akaniangalia, akanyamaza. Yeye kunyamaza, unajua, si jambo la kila siku.

Habari za kufunga begi, za kula vizuri, za kutomfungulia mtu mlango, sitakuandikia. Hayo unayajua, na ukiyasahau Nairobi itakukumbusha. Barua hii nilitaka kuificha chini ya nguo zako uikute basi likisimama Karuma. Nimekaa na wazo hilo mpaka mchana. Halafu nikaona ni uoga ule ule, wa kumwachia mtu ukweli mahali ambapo hawezi kunitazama usoni. Kwa hiyo nitakupa mkononi, kabla ya chakula, na nitakaa hapo hapo ukisoma.

Niache nijisifu kidogo kwanza, maana baada ya hapa sitakuwa na uso wa kujisifu. Soko zima la Arua linajua unaenda kusoma tabia za watu, ili hizi mashine zinazofikiri, hiyo mnayoiita akili bandia, zijue kukaa na watu. Nimemwambia muuza samaki. Nimemwambia mchungaji. Nimemwambia hata dereva wa boda ambaye hakuniuliza kitu. Nasema mwanangu anaenda kufundisha mashine adabu. Wewe unanikosoa kila mara kwamba si adabu, ni maadili, nami naendelea na adabu yangu kwa sababu watu wanaielewa. Mama Zaitun alinijibu mbele ya wateja wangu: "Hii cherehani yako iko inapiga kelele miaka yote hii, wewe umeshindwa kuifundisha kunyamaza. Mtoto wako ndiye ataweza za huko?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilimwambia angoje, kuna siku mashine itamsalimu kwanza kabla ya kumuuliza jina, na hapo ajue mkono wa mtoto wangu umepita.

Nilikuwa naringa hivyo, mwanangu, na moyoni kuna kitu kinanikwaruza. Nitakieleza kwa kuanzia kwenye kazi yangu.

Umekua kando ya cherehani hii, lakini jambo hili sijawahi kukueleza kwa maneno. Mwanamke akisimama nimpime, anavuta tumbo ndani. Kila mmoja, mnene kwa mwembamba, mke wa askofu na muuza dagaa. Hajui hata kama anafanya. Futi ikigusa kiuno tu, pumzi inapanda kifuani na kukaa huko. Ukiandika namba ile, umeandika mwanamke ambaye hayupo. Gauni litapasuka siku ya sherehe, na atawaambia watu fundi ni mbaya. Kwa hiyo mimi simpimi. Naning'iniza futi shingoni, namuuliza habari za wakwe zake. Anaanza kulalamika, analalamika mpaka anasahau, pumzi inashuka, ndipo nazungusha futi bila kukatiza hadithi. Ndiyo maana magauni yangu hayapasuki, na ndiyo maana wanatoka mpaka Vurra kuja kwangu. Nayasema haya uone kwamba nilijua. Nilijua kabla yako, kabla ya vitabu vyako, kwamba mtu anayepimwa si yule yule wa kabla ya kupimwa.

Mama Kiden unamkumbuka kwa nywele na kwa nyimbo. Mimi namkumbuka kwa siku ya kwanza. Tulikuwa bado Kuluba, nyumbani kwa marehemu baba yako, mwaka ule vita vilipofika Yei na watu wakamiminika kupitia mpaka wa Oraba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Alifika jioni, Kiden amemshika mkono, mdogo wake mgongoni, na begi moja ambalo zipu yake ilikuwa imefungwa kwa waya. Nilimwona midomo imepauka, nikamuuliza, kwa huruma yangu ya kijinga, kama wamekula. Akajibu vizuri sana, kama mtu aliyetoka kwenye sherehe: "Tumekula, dada, asante."

Shangazi yako aliinuka. Alileta maji ya kunawa, akayaweka mbele yake, akaleta na ugali wa muhogo na mboga, akaondoka kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Mama Kiden alinawa. Alikula kwa utaratibu mpaka nikataka kulia, maana mtu mwenye njaa ile kula kwa utaratibu ni kazi. Huko jikoni shangazi yako alinigeukia: "Mgeni usimuulize kama amekula. Ukiuliza, wewe ndiye umemfanya adanganye." Nilikuwa mke wa watu miaka kumi na tatu wakati huo, na bado nilifundishwa kama bibi harusi wa juzi.

Sitarudia yote yaliyofuata, uliyaishi. Nilipokuja Arua kutafuta kibanda hiki, ni Mama Kiden aliyekaa na wewe muhula mzima. Alikusuka kila Jumamosi, ukapiga kelele kwamba anavuta, akakuambia uzuri unauma. Kiden akawa mdogo wako. Baadaye alipewa kiwanja kwenye kambi ya wakimbizi akajenga, nasi tukahamia mjini, lakini hakuna Krismasi tuliyokula bila yeye.

Sasa lile lenyewe.

Miaka miwili iliyopita lilikuja shirika moja, sitalitaja. Walitafuta watu wa kuzunguka kambini wakiuliza maswali nyumba kwa nyumba. Unanikumbuka nilivyorudi siku ile. Msomi wa darasa la saba, nimepita wenye diploma, kwa sababu nina Kilugbara, nina Kikakwa, nina Kiarabu cha Juba, nina Kiswahili cha babu yako mwanajeshi, na Kiganda cha kuombea punguzo. Wakanipa kizibao cha bluu na tableti. Kile kizibao nilikivaa mpaka kanisani, ukaniambia, "Mama, leo ni Jumapili," nikakwambia Mungu naye anione nilivyopendeza.

Walituelekeza siku mbili. Walisema majibu yote yataingia kwenye kompyuta moja, na yenyewe itajifunza nani ana hali mbaya zaidi, iwapange watu, kwa sababu binadamu akipanga anapendelea ndugu zake. Hilo nilikubali kabisa, maana nimeona upendeleo kwa macho yangu. Wakasema tusome swali kama lilivyoandikwa, tusiongeze neno, tusipunguze, tuandike anachosema mtu. Ukiongeza lako, unaharibu. Nilimwuliza msimamizi, na hili nakuapia niliuliza, itakuwaje mtu akisema hivi na macho yakaona vile. Alikuwa mtu mpole. Alisema macho ya kila mmoja wetu ni tofauti, ndiyo maana tunaandika maneno. Nikaona ni busara. 

Siku ya nne nilikuwa nimewapita wenzangu wote kwa idadi ya nyumba. Msimamizi alinisimamisha mbele yao, akasema hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Wewe unajua sifa zinavyonilewesha. Kuna wanaokunywa pombe, mimi nakunywa sifa. Siku ya tano nilitembea kambini kama gavana.

Na siku hiyo ya tano ndipo nilipofika kwa Mama Kiden.

Alikuwa amekaa nje na shemeji yake na mzee mmoja wa kanisa. Aliponiona alianza kucheka, halafu akaona kizibao, kicheko kikakatika katikati. Alinyoosha mgongo. Akafuta kigoda kwa upindo wa kanga, akanikaribisha kwa sauti ambayo hajawahi kunikaribisha nayo maisha yetu yote. Nikakaa. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi nyumba hii ilikosa chakula cha kutosha.

Akasema kwa sauti, ili shemeji yake asikie na mzee asikie: "Andika sisi tumekula. Siku zote tumekula. Hapa kwetu iko sawa."

Ayikoru, sufuria zake zilikuwa zimelala kifudifudi zote tatu. Kwenye mafiga alikuwa amelala kuku. Kuku amejichimbia kwenye majivu, ametulia, anaatamia. Majivu ya moto wa asubuhi hayalaliwi na kuku.

Nilimsogelea nikamwambia polepole, "Mama Kiden, ni mimi."

Akanijibu polepole vile vile: "Najua ni wewe. Ndiyo maana."

Nimekaa na maneno hayo miaka miwili. Mgeni asiyemjua angeweza kumwambia njaa yake. Msichana wa Kampala aliyevaa kizibao kile kile, labda angemwambia. Mimi niliyekula naye Krismasi, nimekuja na kitu cha kuandikia, mbele ya shemeji yake, namtaka aseme ameshindwa kulisha watoto. Mtu wa nyumbani anamwulizaje mwenzake vile? Alikuwa amevuta pumzi ndani, na mimi, fundi, nikashika futi.

Tableti ilikuwa na nafasi ya namba, kuanzia sifuri mpaka saba. Hapakuwa na mahali pa kuandika kuku. Ningeweza kuifunga, nikarudi kesho bila kizibao, nikakaa jikoni kwake, nikamenya naye mihogo kama ingekuwepo, nikasikia. Nilifikiria hivyo, sitakudanganya. Halafu nikafikiria kwamba nimebakiza nyumba kumi na moja. Nikaandika sifuri. Ikatoa mlio mdogo, ikaniletea swali la pili, na la pili nikalisoma vizuri sana.

Miezi michache baadaye orodha ya watakaopewa chakula ilitoka, jina lake halikuwemo. Alikuja mpaka hapa kibandani, tukaenda pamoja ofisini. Kijana aliyekuwa pale alitafuta kwa heshima, akageuza skrini tuone, akasema mfumo umemwondoa. Mama Kiden aliuliza mfumo ni nani. Kijana akasema si mtu, ni hesabu ya kompyuta, yeye mwenyewe hana uwezo wa kuibadilisha. Alikuwa amesimama mbele yake mwanamke ambaye gauni limemlegea mpaka amelifunga na pini mbili, na yule kijana, ambaye si mbaya, naapa si mbaya, aliendelea kuangalia skrini.

Nilikuwa nimesimama kando. Nilikuwa na maneno matatu mdomoni: niliandika vibaya mimi. Kizibao nilikuwa nimekivaa. Kulikuwa na kazi nyingine inakuja ya kuuliza maswali, na walikuwa wameshaniambia nitakuwa kiongozi wa kundi. Nikayameza. Nikameza maneno matatu, mwanangu, na ningeyasema pale yule kijana angepata cha kuandika. Angeandika kwamba aliyeuliza anakiri. Labda isingesaidia. Lakini labda ingesaidia.

Tukitoka nje nilimwambia kompyuta imekosea. Akaniuliza, "Hiyo kompyuta ilijuaje mimi nimeshiba?" Nikamwambia nani anajua mambo ya kompyuta. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema twende jua linawaka. Nafikiri alijua. Nafikiri alinionea haya, kama alivyokuwa akiwaonea haya watu wote, akaniacha nipite.

Mvua zilipoanza akaamua kurudi kulima shamba lake la zamani. Watoto akawaacha kwa shangazi yako Kuluba. Na hapa kuna lingine ambalo ni lako wewe kabisa. Umemkasirikia mwaka mzima kwamba aliondoka bila kukuaga. Ulisema aliwaacha watu kama anaacha lundo la maganda. Nilikusikia, nikaendelea kushona. Lakini alikuja kukuaga. Alikaa hapa hapa nilipokaa, asubuhi nzima, na kikopo cha odi, siagi ya karanga alizosaga kwa mkono. Nilimwambia uko kwenye mitihani usisumbuliwe. Mtihani wako ulikuwa wa jioni, nilijua. Niliogopa mkikaa pamoja atakueleza yote, na wewe kwa akili yako utajua mara moja nani aliandika. Odi nilikupa nikasema nimenunua. Neno lake sikukupa. Alisema: "Mwambie Ayikoru asikate nywele kabla mimi kurudi."

Ulizikata Desemba. Nilikushikia kioo.

Wiki tatu zilizopita ulinieleza kwa mara ya kwanza kwa kirefu unakwenda kusoma nini. Tulikuwa tunakula, hukuwa unaona uso wangu vizuri kwa sababu nilirudi kwenye cherehani kabla ya kumaliza. Ulisema mtu hajibu swali tupu, anamjibu yule anayeuliza, na aliye karibu anayesikiliza, na aibu yake mwenyewe. Ulisema mashine inakusanya majibu ya watu wengi na kudhani hayo ndiyo maisha yao. Ulisema mtu mzima mwenye macho, skrini ikisema jambo, anaacha macho yake anafuata skrini. Ulisema pia kwamba kazi ikigawanywa kwenye mikono mingi, kila mmoja anashika kipande kidogo cha kosa, kidogo kiasi cha kutomuuma. Nikajichoma sindano mpaka damu ikaingia kwenye kitambaa cha mteja. Ukasema ni macho, nivae miwani. Mwanangu, ulikuwa unanisimulia mimi. Ulikuwa umemsoma mama yako kitabuni kabla hujajua kuwa ni yeye.

Kwa hiyo nina machache ya kukupa, na si mahubiri, maana anayehubiri anasimama juu na mimi niko chini kabisa.

Huko watakuonyesha mashine zenye akili kuliko sisi wote. Juu ya akili yake sina la kusema. Wewe uliza nani alisimama mlangoni kwa watu kabla yake. Uliza alivaa nini siku hiyo, nani alikuwa amekaa karibu akisikiliza, na huyo aliyeuliza alisifiwa kwa lipi. Mimi nilisifiwa kwa haraka. Ningesifiwa kwa kurudi nyumba moja mara mbili, ningerudi. Najijua. Usiwajengee mashine watu wema tu, wajengee na watu kama mimi, wapenda sifa, waoga wa kazi yao, kwa sababu ndio wengi, na ndio watakaoishika.

Uliniambia mnaweza kuifundisha mashine kwamba watu wa upande wetu wanasema wamekula wakati hawajala, iwe inajua kupunguza. Nimelifikiria hilo sana hapa nikiweka vifungo. Nalo linanitisha. Kesho atakuja Mama Kiden mwingine, aseme amekula, na kweli amekula, na mashine imwite mwongo kwa sababu ya kabila lake. Huyo naye nani atamtetea? Labda kuna maswali ambayo hayafai kuulizwa, hata na mashine yenye sauti nzuri. Labda badala ya kuuliza, inabidi kuleta maji ya kunawa kwanza. Lakini maji ya kunawa ni ya mtu mmoja na mgeni mmoja, na kambi ni watu wengi, na chakula hakitoshi, na kuna mtu lazima apange. Hapo ninapofika nakwama. Wewe ndiye msomi. Nakuachia hapo mwisho wangu ulipofika.

Ila usikubali neno "mfumo umeamua" likukae mdomoni. Nimeona linavyopumzisha watu. Lilinipumzisha mimi mwaka mzima. Yule kijana alilisema akalala, mimi nikalisema kwa mdomo mwingine nikalala, msimamizi huko aliko analala, na aliyetengeneza ile kompyuta hajui hata kama kulikuwa na mtu anaitwa Mama Kiden. Wote tumelala. Aliyekuwa macho ni yeye, anahesabu mihogo.

Juzi ulinishika bega ukaniuliza kama nitakuwa sawa ukiondoka. Nikasema niko sawa, nina kazi nyingi, nina Mama Zaitun wa kugombana naye. Jibu hilo usiliamini. Sitakuwa sawa. Nyumba itakuwa kubwa, nitapika chakula cha watu wawili wiki nzima kabla mkono haujajifunza. Nimekwambia, ili usiseme huko kwamba mama yako alikuwa na nguvu. Na pamoja na hayo yote nataka uende.

Najua utataka kubaki kwa ajili ya kilio. Usibaki. Basi ni kesho asubuhi, masomo yanaanza Jumatatu, na Mama Kiden mwenyewe angekusukuma kwa kiwiko. Na kama ukimaliza kusoma hii hutaki kula nami, chukua sahani yako uende chumbani, sitagonga mlango. Ukitaka kunitukana, nitukane leo nikiwa mbele yako, usinibebee hasira mpaka Nairobi. Kama huwezi kuniita Mama kesho asubuhi kituoni, panda basi tu. Mimi nitakuwa nimesimama pale hata hivyo.

Kiden bado hajui sehemu yangu. Shangazi yako naye hajui, yeye anajua kifo tu. Nilitamani kumwambia leo asubuhi kwenye simu, nikasikia nyuma yake mtoto mdogo anauliza nani anapiga, nikashindwa. Si kwa simu. Keshokutwa, Ijumaa, nitaenda Kuluba. Kaburi liko mbali, hakuna atakayelifikia kwa sasa, kwa hiyo tutamlilia bila kaburi. Wakifika mahali pa kuuliza nani ana neno juu ya marehemu, nitasimama. Nitasema kwa Kikakwa kwanza, watoto wake wasikie kwa lugha ya mama yao, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Nitasema niliona nini kwenye mafiga na niliandika nini. Kiden ana haki ya kunifukuza, na shangazi yako pia, na wakinifukuza nitatoka nje ya ua nikae huko mpaka wamalize. Wasiponifukuza, nitawaomba watoto waje wakae nami, kitanda chako sitakitandua. Wakikataa, nitakuwa naenda mimi kwao, na sitaenda nikiuliza.

Nimeshawapigia watu wote ninaowajua. Ndugu wawili wa marehemu watavuka Oraba, watu wa Abuku wamesema wanakuja na viti, na mzee yule wa kanisa aliyekuwa amekaa pale siku ile naye nimemwomba afike, kwa sababu alisikia swali langu. Watu wote wanatarajiwa Kuluba Jumapili hii, baada ya ibada ya asubuhi.